Siku Niliyoondoka Bila Kuaga

Mwanangu, hebu kaa kwanza. Nimesikia kwa watu kwamba unasafiri Jumamosi, nikakumbuka siku moja ya ujana wangu, nilipokuwa nikitembea peke yangu bandarini, katika mji mdogo wa Uskoti.

Nilitoka hapa Sydney kwenda likizo bila kumuaga mtu. Hata Mama Furaha wa mtaa wa St Marys, yule Mkongo aliyenipokea nilipofika Australia sina ndugu, akanifanya mwanawe, sikumwambia. Niliogopa atatangaza kanisani, watu waseme najidai. Ujinga mtupu.

Mji wenyewe ulipendeza, usiseme. Nyumba zilijipanga kando ya maji, nyekundu, njano, buluu, utadhani kanga zimeanikwa. Nikaizunguka bandari mara mbili. Kila benchi lilikuwa na watu wawili wawili wakinywa chai. Nikaingia duka la kadi za posta, nikachagua moja. Muuzaji, mama wa makamo, akaniuliza kwa upole namtumia nani. Nikairudisha kadi mahali pake. Nilijisikia mpweke, mwanangu.

Nikatoka nje, nikampigia Mama Furaha.

"Uko wapi?" akauliza. "Dimanche, Jumapili, nilikuja kwako Quakers Hill na sombe yako ya majani ya muhogo. Niligonga, niligonga. Jirani akasema hata yeye hajui."

Nikamwambia niko Uskoti, nikaomba radhi.

"Kutembea si mubaya," akasema. "Lakini ungeanguka huko, polisi wangemuita nani? Mimi ni nani kwako?"

Nililia pale pale, mbele ya boti za watu. Akanisubiri nimalize.

"Bon, haya. Sasa niambie unaona nini."

Nikaizunguka bandari mara ya tatu, nikimtajia nyumba moja moja na rangi yake. Ile ya zambarau ilimchekesha sana.

Sasa hayupo tena. Mwaka jana nilipokwenda Melbourne nilifunga mlango, nikasimama na funguo mkononi. Sikuwa na mtu wa kumwambia, "Mama, natoka."

Kwa hiyo nakuusia, usiondoke bila kuaga. Huku hatuna ukoo mtaa wa pili. Anayejua umeondoka ndiye atakayejua hujarudi. Ijumaa pita hapa, hata dakika tano. Sitakuzuia, wala sitatangaza kanisani. Mungu akutangulie, akulinde njiani, akurudishe salama. Na ukirudi, gonga. Nitakuwa nausikiliza mlango.