Ruhusa ya Msiba

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza nikiwa mwaka wa pili kwenye chuo cha matabibu, hapa hapa Dodoma. Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imejaa sokoni na kila mtu anajaribu biashara, lakini kanuni za chuo zilikuwa zile zile za zamani. Mwanafunzi aliruhusiwa kuondoka kwa ugonjwa au kwa msiba. Kuzaliwa kwa mtoto hakukuwamo.

Habari ililetwa na dereva wa lori kutoka Mvumi: mke wangu amepasuliwa, mtoto ni wa kike, wote wako hai. Nilikwenda mbio ofisini kwa makamu mkuu wa chuo.

"Nani amepasuliwa, wewe au yeye?" aliniuliza.

"Yeye, mwalimu."

"Basi rudi wodini."

Ningeweza kumweleza matroni wa bweni. Hakuwa mkali, ila kazi yake tuliijua kuwa ni mashuka na funguo, na haikunijia kwamba mtu anaweza kumpelekea shida ya moyoni. Asubuhi yake nilirudi kwa makamu mkuu, nikasema mama yangu amefariki.

Alisimama. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanipa siku saba. Nilitoka pale nikilia kweli, na mpaka leo sijui nililia nini.

Mvumi nilimkuta mama amekaa mkekani nje ya wodi ya wazazi, anapooza uji wa uwele wa mke wangu. Alinimiminia mimi kwanza.

"Kunywa, baba. Umekonda."

Nikanywa. Siku zote zile mama alifua nepi, akambeba mjukuu wake, akawasifu walimu wangu. "Wana utu," alisema. "Wamekuachia uje umwone mtoto." Sikumweleza.

Niliporudi chuoni, wenzangu walinipokea kimya kimya. Walikuwa wamemwombea mama yangu kila asubuhi, Wakristo na Waislamu pamoja. Jirani yangu wa kitanda, mtu wa Tanga ambaye alifiwa na mama yake akiwa mdogo, alikuwa amenakili kwa mkono masomo yote ya wiki ile kwa ajili yangu. "Najua ilivyo," aliniambia. Nikaitikia kwa kichwa.

Wiki ya tatu, mchana, nilikuwa natoka wodini na huyo mwenzangu. Mama alikuwa amesimama getini, amevaa kanga mpya, mkononi kifurushi cha karanga na mlenda mkavu. Amekuja kuwashukuru walimu.

"Shikamoo, mama," mwenzangu alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimemfuata huyu. Mimi mama yake."

Mwenzangu alinigeukia.

"Mama mdogo," nilisema haraka. "Mdogo wake marehemu."

Mama alinitazama. Kiswahili chake hakikuwa kingi, lakini neno marehemu alilijua. Nililiona likimwingia. Kisha akamgeukia mwenzangu, akasema taratibu, "Ndiyo. Mimi mdogo wake."

Mwenzangu akampa pole ya msiba.

"Tumeshapoa," mama akajibu.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Basi lilipowashwa ndipo aliponiuliza kwa Kigogo, "Umenizika wapi?" Alinikabidhi kifurushi, akapanda.

Siku ile ile nilikwenda kwa matroni, nikaanza kumwambia nikiwa bado mlangoni. Alinikalisha, akafunga mlango, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenijia siku ya kwanza, ningekwenda nawe kwa makamu mkuu," alisema. "Leo pia nitakwenda nawe, ila adhabu utaibeba mwenyewe."

Nilirudishwa nyumbani muhula mzima. Yule mwenzangu wa Tanga hakunigombeza. Aliomba tu kuhamishwa chumba.

Nyumbani, mama alimwambia mke wangu kwamba chuo kimefungwa kwa kukosa chakula. Alidanganya kwa ajili yangu mara ya pili, nami nikamwacha adanganye. Mke wangu nilikuja kumwambia ukweli binti yetu akiwa ameshaanza shule. Mama mwenyewe nilimwomba radhi mara moja tu, tukiwa tunapura uwele, kwa sauti ya chini mno. Sijui kama alinisikia. Aliendelea kupura, nami sikurudia.