Pikipiki ya Sebuleni

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuita mteja. Baba yangu aliuza vitambaa na chumvi hapa Kasongo maisha yake yote, na dukani alikaa kimya, kofia kichwani, tasbihi mkononi, kama mtu anayengojea kuitwa na daktari. Anayetaka kununua aliingia, asiyetaka alipita. Kumwita mpita njia, alisema, ni kazi ya wauza karanga. Basi mtu wa kwanza wa ukoo huo kujitangaza redioni ni mimi, kwa sauti yangu mwenyewe, asubuhi na jioni, mara tu baada ya matangazo ya vifo.

Biashara yenyewe ilikuwa kulaza pikipiki za watu. Kwa jirani yangu alifikia mgeni mmoja aliyetembea nchi nyingi, akatuhadithia kwamba huko alikopita wenye farasi huwapeleka kwa mtu mwenye zizi kubwa. Huyo huwalisha, huwasafisha na kuwalinda, na mwenyewe huja kupanda anapotaka. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Farasi hatuna, lakini pikipiki ndizo zinazotubeba kwenda Wamaza na Kabambare, sisi na mawese yetu, wagonjwa wetu, hata maiti zetu. Nikarudi nyumbani kichwa kinachemka.

Kiwanja kilikuwepo, ila kilikuwa na mwenyewe. Nyuma ya nyumba mke wangu alikuwa na bustani ya mboga: sombe ya majani ya muhogo, matembele na lengalenga. Aliyeianzisha ni mama mkwe. Alikuja kutoka Lusangi mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, amefunga vijiti vya muhogo ndani ya kanga, na kila siku alipomaliza kumkanda mwanawe kwa maji ya moto alitoka nyuma na jembe. Tangu hapo hatukununua mboga. Mke wangu aliuza zake sokoni, na zilizobaki aligawia majirani.

Nilipomwambia nataka nafasi ile, hakubisha. Aliuliza tu, "Baba watoto, wateja watakuya?"

"Watakuja," nikasema. "Watagombana mlangoni."

Aling'oa mihogo yake yeye mwenyewe, kwa mikono, maana hakutaka kuona mafundi wakiifyeka kwa panga. Tukajenga ukuta wa matofali mabichi, tukaezeka banda kwa mabati, nikamweka mjomba wangu awe zamu, mlinzi wa usiku. Nikangoja. Hakuja mtu.

Lazima niseme tunavyoishi hapa. Mwenye pikipiki Kasongo halali mbali nayo. Jua likizama unasikia mtaa mzima injini zinazimwa, kisha miguno ya watu wanaozisukuma juu ya ubao, kuvuka kizingiti, hadi ndani. Nyingine hulala sebuleni, nyingine kando ya kitanda cha baba na mama, na watoto hulala wakinusa petroli. Nilijua hayo kama ninavyojua jina langu, nami nikaona ndiyo maradhi ninayokuja kutibu. Nilikuwa nawaambia watu huo ni ushamba. Neno hilo nililitumia, tena mara nyingi.

Nikaenda redioni. Mtangazaji, kijana mwenye bashasha, alinitaka niseme kwa furaha. Nikasema kwa furaha: "Ndugu msikilizaji, acha kubanana na pikipiki yako! Ilete kwetu, nyuma ya soko. Itaoshwa, italindwa, italala salama kuliko nyumbani kwako!" Pale kwenye "kuliko nyumbani kwako" nilipandisha sauti. Nilijiona bingwa.

Kesho yake watoto wa mtaa walinipokea kila kona kwa "Kuliko nyumbani kwakooo!" Waliniiga mpaka kile kikohozi kidogo kilichonitoka kabla ya kuanza. Msikitini, tukivaa viatu, rafiki yangu wa utotoni alinisogelea na uso mnyenyekevu. "Na mimi mama watoto amenifukuza," akaniambia. "Nikuye nilale kwako? Utaniosha?" Watu walicheka mpaka imamu akageuka. Nilicheka nao, lakini masikio yalikuwa yananiwaka, na njia nzima nilimwona baba yangu na tasbihi yake.

Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni kikapu cha mke wangu. Siku moja nilimkuta anaingia kwa mlango wa nyuma, kikapu amekifunika. Nikafunua nikidhani ni samaki. Lilikuwa fungu la sombe. Alilinunua kwa mwanamke ambaye zamani yeye ndiye aliyekuwa akimpa bure.

"Nimepita ku kichochoro," akasema. "Hawakuniona."

Alikuwa ananisitiri mimi. Banda lilisimama tupu huko nyuma, kuku wa jirani wakitaga ndani yake, na mke wangu anapita vichochoroni na mboga kama mwizi. Niliona haya kumtazama. Nikarudi redioni kuomba tangazo liendelee.

Ndipo wakaja madereva wa njia ya Kabambare. Walikuwa watatu: mkubwa wao, mtu wa mvi mwenye kovu refu la kiwiko, na vijana wawili waliopakaa matope mpaka magotini. Walikuwa wametumwa na wenzao.

"Muzee, sauti yako tunaisikiaka ku redio mpaka Wamaza," alisema yule mkubwa. "Sisi tuko wengi. Tukifika Kasongo kila mutu analala kwa ndugu yake, na pikipiki inaingia mu nyumba ya watu. Wenye nyumba wamechoka. Tunatafuta fasi moja ya kulaza zetu zote."

Niliwazungusha banda zima. Niliwaonyesha ukuta, kufuli, pipa la maji ya kuoshea, mbao za kusimamishia pikipiki wakati wa matope. Waligonga matofali, wakatikisa mlango, wakamuuliza zamu usingizi humjia saa ngapi. Akawajibu kwamba usingizi na yeye waliachana tangu alipofiwa na mkewe. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikamalizia kwa maneno yangu ya redioni, yote, na sauti nikaipandisha palepale. Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Nilimkonyeza.

Mvua ikaanguka. Bandani hapavuji, tungeweza kubaki, lakini kwetu mgeni haachwi amesimama bandani kama mbuzi. Mke wangu akaita, "Karibuni mu nyumba, wageni wangu, mupate kahawa." Nikawatangulia kwa furaha, nikawafungulia mlango mimi mwenyewe.

Sebuleni kwetu kulikuwa na viti vinne vyenye vitambaa alivyofuma mke wangu, kabati la vyombo, na pikipiki yangu.

Ilisimama mahali pake, kati ya mlango na kabati. Kiti chake kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha ua lilelile la vile vya viti, kwa ajili ya vumbi. Mke wangu akaleta sinia ya kahawa ya tangawizi, na kwa kuwa stuli yetu ni ndogo akaiweka, kama siku zote, juu ya keria ya pikipiki.

Wallahi nilikuwa siioni. Sikuwa nimemficha mtu kitu. Miezi yote ile nilitukana watu kwa kulala na pikipiki zao, na kila jioni niliisukuma yangu juu ya ubao, nikaifunga, nikala chakula cha usiku nimeipa mgongo, wala mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwangu. Niliiona siku ile tu, kwa sababu niliyafuata macho ya wageni.

Mvua ilipiga mabati. Yule mkubwa akauliza kwa heshima, "Muzee, hii pikipiki iko ya nani?"

"Yangu."

"Inalalaka hapa?"

Uongo ulinifika mdomoni: imeharibika, inangoja kipuri. Lakini matope ya asubuhi yalikuwa bado mabichi kwenye tairi.

"Inalalaka hapa," nikasema.

Hakucheka. Alichukua kikombe chake kutoka kwenye keria, akatazama kile kitambaa, akamgeukia mke wangu. "Mama, kitambaa kizuri. Ulifuma weye mwenyewe?" Akamuuliza habari za uzi, za kushona, za bei ya sindano sokoni, mpaka mvua ikakatika. Vijana walikunywa macho yakiwa ndani ya vikombe. Wangecheka ningepata mtu wa kumkasirikia. Adabu yao ilinivua nguo.

Walipoondoka mke wangu alikusanya vikombe. "Ni mimi niliwaingiza," akasema. "Unisamehe, baba watoto." Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Nilitoka nikaenda kukaa bandani na kuku.

Juma lililofuata yule mtu wa mvi akarudi na vijana wake. Nilidhani amesahau kitu.

"Muzee, tumekaa, tumeongea," akasema. "Tunaleta pikipiki zetu kwako. Ila ku banda, hapana. Zilale pale yako inalalaka."

Nilimtazama usoni nikitafuta mzaha. Haukuwepo. Alikuwa amepata alichokuwa anatafuta, mahali ambapo mwenye ukuta na kufuli na zamu alichagua kuweka cha kwake, na alitaka mahali hapo.

"Lakini ile ni sebule," nikasema. "Wageni wangu nitawaweka wapi? Banda ni imara, mmeligonga wenyewe. Ni salama kuliko..." Kijana mmoja akauma mdomo.

Mke wangu alikuwa ametoka, anafuta mikono kwa kanga. Alitazama banda, akanitazama mimi. Akaingia ndani, na tuliposikia mburuzo tukageuka: alikuwa anakuja na kiti cha kwanza.

"Viti vinaweza kukaa ku banda," akasema. "Baba watoto, kamata huku."

Nikakamata.

Siku hizi pikipiki zao zinalala pale, zimebanana ukuta kwa ukuta, na kwenda chumbani tunapita kiubavuubavu. Mboga mke wangu ananunua, lakini hapiti tena kichochoroni. Vitambaa vyake, kwa vile nje vinachafuka, amevihamishia kwenye pikipiki. Marafiki zake wakija anawakaribisha bandani na kuwaambia huku kuna hewa. Nikisikia neno hilo, hewa, naondoka.

Halafu akaja mama mkwe kutoka Lusangi, amepakiwa kwenye pikipiki na mmoja wa madereva wetu, mwekundu mzima kwa vumbi. Kama kawaida yake alielekea mlango wa mbele, akavua viatu, akafungua. Akasimama.

"Kuko msiba?" akauliza. "Wenye pikipiki wako wapi?"

Mke wangu alimshika mkono akamzungusha nyuma. Akamkalisha kwenye kiti kilekile alichozoea, chini ya mabati. Mimi kwa haya ya ukwe nilisimama mbali kidogo na jagi la kahawa. Mama mkwe alikunywa, akauliza hali za watoto, akasifu tangawizi. Kisha akafungua kanga aliyoifunga kiunoni. Ndani kulikuwa na vijiti vya muhogo, vimefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Nimekuletea mbegu mupya," alimwambia binti yake. "Hii haishikwi na ugonjwa. Nipe jembe, nipande mbele ya jua kuwa kali. Shamba yetu iko wapi? Naona mumejenga, mumenipoteza."

Mke wangu alitazama ukuta, kisha chini.

"Mama, ndiyo hii tunakalia."

Mama mkwe alitazama udongo ulioshindiliwa kati ya miguu yake, vijiti vimemlala mapajani. Kisha polepole, mguu mmoja na wa pili, akaiinua miguu yake kutoka chini, akaiweka juu ya ubao wa chini wa kiti, kama mtu aliyegundua kwamba amekanyaga mkeka wa wenyewe. Mimi nilikuwa bado nimeshika jagi, na sikujua niliweke wapi.