Dume Lililonywea

Mwanangu alikuwa na miezi saba mume wangu alipoleta mnyama nyumbani ndani ya ndoo. Kiwanda chao kilikuwa kimeuzwa, yeye akapunguzwa, akapata kibarua cha kumwoshea Mzungu mmoja mwalimu matangi ya wanyama wa maji. Mzungu alipohama alimwachia huyu mmoja: mjusi wa maji, mweupe kama ugali, matamvua mekundu shingoni. Aksolotli, ndivyo alivyomwita. Nyuma ya miguu ya nyuma alikuwa na uvimbe mkubwa. "Dume hilo!" mume wangu aliwaambia rafiki zake, utadhani uvimbe ni wake.

Kumlisha minyoo na kumbadilishia maji kwenye beseni kukawa kazi yangu, mtoto mgongoni.

Baridi ya milima ya Uluguru ilipoteremka mjini, uvimbe ukanywea. Ungemdhania jike. Wiki hiyohiyo mwanangu alikula udongo, akaharisha, akakonda. Mama mkwe akainama kwenye beseni, akamtazama mjusi, akamtazama mtoto.

"Wamebemendwa hawa. Wote wawili."

Yaani nimezini huku nanyonyesha, uchafu wangu umeingia kwenye maziwa na kwenye maji.

"Mama, mjusi hanyonyi kwangu."

"Maji yake unabadilisha kwa mikono gani? Si hiyohiyo?"

Nimesoma baiolojia mpaka kidato cha nne. Nikamweleza kwamba dume huyu huvimba majira ya kupandana, majira yakipita hunywea, yakirudi huvimba tena. Nikamgeukia mume wangu. "Si ndivyo Mzungu alivyokwambia? Ulinisimulia mwenyewe siku ulipoleta ndoo."

Akatazama miguu yake. "Sikumbuki."

Ningemsamehe kofi. Neno lile sijamsamehe mpaka leo.

Wakaninyang'anya mtoto. Siku mbili alinyweshwa uji mwembamba chumbani kwa bibi yake, mlango umefungwa, mimi nimekaa uani, maziwa yamelowanisha kanga mpaka kiunoni. Wifi yangu alikuwa akipita na beseni la vyombo. "Wifi, kamkamulie mjusi basi, si bwana wako yule!" Wote uani wakacheka. Mume wangu naye alicheka.

Siku ya tatu sauti ya mtoto ilikauka. Alikuwa akilia hasikiki, kinywa tu kinafunguka. Nikausukuma mlango bila hodi.

"Utamuua!" mama mkwe akapiga kelele.

Mume wangu akaja mbio, akasimama mlangoni. Nikamwambia mbele ya mama yake, "Vua suruali. Baridi yote hii, tukikuta na wewe umenywea, mama atuambie wewe umebemendwa na nani."

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Mara hii hakuna aliyecheka.

Nikaketi kwenye kitanda cha mama mkwe, nikampakata mtoto, nikatoa titi. Mwanangu alilikataa, akageuza shingo. Nikalikamulia midomoni mwake, tone, tone. Mara akalidaka, akang'ata kwa hasira mpaka damu ikanitoka. Sikumtoa.