Mstari Uliopita Juu ya Majina Kumi na Moja

Kazi yenyewe ukielezwa utasema ni mchezo wa watoto. Unaandika jina la mtu. Mbele yake unaweka mabano ya mraba yenye herufi b ndani, nyuma yake mabano mengine yenye mkwaju, kile kistari kilicholala upande, na herufi ileile. Ukituma, jina linatokea kwenye tovuti limenenepa kama mtu aliyerudi likizo kwa mama yake. Ukitaka lipitiwe na mstari katikati, unatumia herufi s. Ya mbele inafungua, ya nyuma inafunga. Uchawi wote ndio huo.

Mama Mabano alijifunza kazi hiyo akiwa na miaka sitini na moja. Jina hilo walimpa ofisini kwa utani, naye akalizoea hata akawa analijibia simu. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa mahakamani, miaka thelathini na mmoja, akichapa hukumu za watu. Sifa yake ilikuwa moja tu, hakosei. Hakimu mmoja aliwahi kusema mbele za watu kwamba karatasi iliyopita mikononi mwa mama yule haina haja ya kusomwa mara ya pili. Watu huweka akiba ya namna nyingi. Yeye akiba yake ilikuwa maneno hayo.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la betri za magari. Unapanda ngazi ya chuma inayolia kila hatua, unakuta meza mbili, kompyuta moja, feni yenye kikohozi, na kiti cha wageni kando ya dirisha. Hapo ndipo ilipoendeshwa tovuti ya watu waliopotea. Mwanzilishi wake ni mwalimu mstaafu ambaye kaka yake alitoka nyumbani siku moja kununua kiberiti, hajarudi mpaka leo. Mwalimu alikuwa na sharti moja, na alimweleza Mama Mabano siku ya kwanza kabisa.

"Hapa jina halifutwi, mama. Mtu akipatikana, mpitishie mstari, lakini abaki anasomeka. Anayetafuta bado akiona mistari mingi, anajua watu hurudi."

Na kweli, watu waliusoma ukurasa ule hivyo. Jina nene maana yake bado anatafutwa. Jina lenye mstari maana yake yuko nyumbani kwake, anagombana na wenzake kuhusu zamu ya kuosha vyombo. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Katika majina manene lilikuwamo la mzee mmoja, baba wa binti mmoja fundi cherehani. Mzee akili ilikuwa imeanza kumponyoka. Asubuhi anamjua bintiye, jioni anamwuliza yeye ni mgeni wa nani. Siku moja fundi aligeuka kupasi suruali ya mteja, alipogeuka tena mlango uko wazi na mzee hayupo. Mama Mabano ndiye aliyechapa tangazo, fundi ameketi kwenye kiti cha dirishani akimsomea: mrefu, mwembamba, sweta la kijani, vifungo vya kahawia isipokuwa cha pili kutoka juu, ambacho ni cheupe.

"Nilikishona mimi," fundi alisema. "Cha kahawia kilikuwa kimeniishia. Nikamwambia, baba, nitakubadilishia kesho."

Tangu hapo kila Alhamisi fundi alipanda ngazi ile, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Kuna habari?" "Bado, mwanangu." Kisha anakaa kidogo, anazungumza habari za wateja wake wanaonenepa na kudai kwamba nguo ndiyo iliyosinyaa, wanacheka, anaondoka.

Sasa ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Simu ikalia, na Mwalimu alipoipokea akaanza kurukaruka kama si yeye. Mtoto wa miaka sita aliyekuwa amepotea sokoni siku tisa amepatikana, mzima, ameshiba. Mama yake alikuwa analia upande wa pili hata chumba kizima kikawa kinamsikia. Mama Mabano akaufungua ukurasa mbiombio. Akaweka alama ya kufungua mbele ya jina la mtoto. Kishale kikawa kinapepesa mahali pake.

"Mama Mabano! Njoo, anataka kukushukuru wewe mwenyewe!"

Akabonyeza kutuma, akainuka.

Hebu fikiria: mashine haina huruma wala busara. Imeambiwa ianze kuchora, haikuambiwa iache. Ikapita juu ya jina la mtoto, ikashuka, ikachora jina la chini yake, na la chini yake, mpaka mwisho wa ukurasa. Majina kumi na moja ya watu ambao hawajapatikana yakapitiwa na mstari. Mama Mabano aliongea na yule mama, akalia naye, akashuka kununua soda za kupongezana, akarudi akapanga mafaili. Hakuutazama tena ukurasa. Alikuwa mtu asiyekosea, autazame wa nini?

Saa kumi alasiri ngazi ikalia kwa kishindo. Fundi cherehani aliingia peku, viatu ameviacha sijui wapi, mkononi ameshika simu.

"Yuko wapi? Mmemweka wapi? Ameniulizia?"

"Nani, mwanangu?"

"Baba! Si mmempitishia mstari!"

Mwalimu akautazama ukurasa, akamtazama Mama Mabano, kisha akafanya kile ambacho watu wema hufanya wanapotaka kumsitiri mwenzao.

"Mtandao umetuchezea, mwanangu. Tusamehe sana. Bado hajapatikana."

Fundi hakulia. Alikaa kwenye kiti, akazipangusa nyayo zake vumbi, moja moja, kama mtu aliye nyumbani kwake. Mama Mabano akaweka alama iliyokosekana. Vibonyezo vinne: mabano, mkwaju, herufi, mabano. Mstari ukatoka juu ya watu kumi na mmoja. Akasema moyoni, yamekwisha.

Yangekwisha kweli, kama si ile simu ya wiki iliyofuata. Mwalimu alikuwa ametoka. Aliyepiga ni mwanamke mchangamfu, akajitambulisha kuwa anauza chai stesheni ya treni.

"Dada, sina shida. Nataka tu kujua yule mzee wa sweta la kijani alifika salama?"

"Mzee yupi?"

"Wa kifungo cheupe! Nilimwona hapa stesheni Jumanne ya wiki iliyopita, mchana. Nikasema huyu si yule wa kwenye tovuti? Nikaingia kwenye simu kuangalia, nikakuta kapitiwa mstari. Nikasema, ah, watu wake wameshampata, kumbe anasafiri tu. Nikampa chai, nikampandisha treni mimi mwenyewe. Alikuwa anakwenda mwisho wa reli, kule kwenye maghala ya pamba. Anasema aliwahi kufanya kazi huko ujanani. Mzee mcheshi yule! Aliniuliza mimi ni mgeni wa nani."

Feni ikakohoa. Mama Mabano akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Alifika. Asante, dada."

Akakata simu.

Kwa nini alijibu hivyo? Alijiuliza sana baadaye. Alitaka kidogo tu cha kupumulia. Alitaka kesho. Kesho angemwambia Mwalimu, kesho angempigia fundi. Lakini kusema kungemaanisha kusema yote, kwamba si mtandao uliocheza, ni mkono wake. Aibu ina mguu mwepesi. Ukiipa nafasi ya siku moja, inahamia na mizigo yake.

Alhamisi ikafika. "Kuna habari, mama?" "Bado, mwanangu." Neno lilelile la siku zote, ila safari hii lilikuwa na ladha ya kutu.

Tangu hapo hakuwa peke yake. Nyumbani aliishi na mdogo wake, mjane mwenye maneno mengi, naye ndiye aliyeanza kuona.

"Dada, huo mlango umeufunga mara nne. Umekukosea nini?"

"Nahakikisha."

"Na sufuria nalo? Unalifunika, unalifunua, unalifunika. Unadhani maji yatatoroka?"

Mama Mabano alicheka ili mdogo wake acheke. Lakini alikuwa anaona mambo. Kamba ya kuanikia nguo uani ilikatiza nyuso za majirani waliosimama nyuma yake, na yeye akageuka upesi asiwahesabu. Ufa ukutani, waya wa umeme juu ya paa, ukingo wa kivuli juu ya paji la uso wa mtu anayempa chenji: kila mahali kulikuwa na mstari, na chini ya mstari kulikuwa na mtu. Benki, kwenye foleni, alimwona mzee mwembamba wa sweta la kijani amempa mgongo. Alimfuata mpaka barabarani, akamshika bega. Mzee aligeuka, sweta lake ni la zipu, halina kifungo hata kimoja.

"Nisamehe, baba. Nilikufananisha."

"Ndiyo uzee, mwanangu. Sote tunafanana."

Ofisini ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Kiti cha dirishani kilikuwa cha plastiki, na plastiki hulia joto likipungua, hilo alilijua. Hata hivyo, kila alipofika kwenye alama ya kufunga alisikia kile kiti kikilia nyuma yake, kama mtu aliyechoka kungoja anageuza mkao. Hakugeuka. Alifunga alama, akaitazama, akaitazama tena, na mtu nyuma yake akaendelea kungoja.

Alhamisi ya pili. "Bado, mwanangu." Alhamisi ya tatu. "Bado, mwanangu." Njia ya kwenda mwisho wa reli ni ya saa tano tu kwa treni, na yeye aliijua.

Alhamisi ya nne fundi aliingia amevaa nguo nyeusi. Hakuuliza kama kuna habari.

"Ndugu zangu wamekaa jana," alisema. "Wanasema imetosha. Wanasema tukubali amekufa, tumlilie, yaishe. Mimi nimechoka kubishana, mama. Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Mpitishie mstari."

"Mstari ni wa waliopatikana."

"Najua. Mwalimu ameshaniruhusu. Nataka akae pamoja na waliorudi nyumbani."

Mwalimu aliinamisha kichwa kwenye meza yake. Mama Mabano akaufungua ukurasa. Akaweka kishale mbele ya jina la mzee. Akaandika mabano, herufi, mabano. Akasogea mpaka mwisho wa jina. Kiti cha dirishani kilikuwa tupu, fundi amesimama pembeni yake, na kiti kikalia.

"Siwezi," alisema.

"Mama?"

"Siwezi kumpitishia, mwanangu, kwa sababu nilishampitishia." Akageuka. Akasema yote: simu ya mama wa mtoto, alama iliyosahaulika, muuza chai, treni, maghala ya pamba. Hakujitetea. Alisema kama alivyokuwa akichapa hukumu, kituo baada ya kituo.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo muuza chai alipiga lini?"

"Wiki nne zinakaribia."

"Wiki nne." Fundi alivuta futi shingoni, akaiviringa kidoleni, akaiviringua. "Ule mstari, mama, ningekusamehe hapahapa. Mimi mwenyewe nimeshona mikono ya mashati nje ndani sijui mara ngapi. Lakini nimeingia humu mara tatu tangu hiyo simu. Nimekuchekesha. Umenitazama usoni."

"Ndiyo."

"Mara tatu!"

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite hivyo." Akafika mlangoni, akasimama. "Treni ni saa ngapi?"

Walikwenda kesho yake asubuhi, wawili hao, kwa sababu Mama Mabano alimkuta stesheni na fundi hakumfukuza. Saa tano za safari walikaa wametazamana. Mwisho wa reli walikuta maghala sita ya mabati, matano yamefungwa, na mlinzi mmoja anayenyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki. Fundi alipoanza kueleza, mlinzi alimaliza mwenyewe.

"Wa kifungo cheupe? Babu yangu yule! Amelala kwenye baraza hii karibu mwezi. Anafagia, anasema zamu yake haijaisha. Nikimletea chakula ananiuliza mimi ni mgeni wa nani."

"Yuko wapi?"

Mlinzi akashusha wembe. "Ameondoka Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hii. Juzijuzi hii. Aliniambia binti yake amechelewa sana kumfuata, ngoja yeye amfuate. Mimi nikadhani ni maneno yake tu. Nilipozunguka nyuma kufungua bomba, nikarudi, hayupo."

Siku tatu waliuliza. Waliuliza vituoni, hospitali, kwenye vichaka vya kando ya reli. Wengine walisema kaelekea huku, wengine huku. Siku ya nne walirudi.

Waliposhuka stesheni fundi alisimama kwenye ngazi, uso wake haukuwa na hasira wala kitu kingine cha kushika.

"Tangazo lile libadilishe. Andika alionekana mwisho wa reli, na siku. Andika yu hai."

"Nitaandika leo."

"Alhamisi nitakuja kulisoma. Siji kukusalimia."

"Njoo tu."

Na alikuja. Bado anakuja, hata sasa, mwaka wa pili. Hasemi shikamoo. Anasimama nyuma ya Mama Mabano, anausoma ukurasa kutoka juu mpaka chini, na Mama Mabano anashuka naye taratibu, jina kwa jina, mpaka wafike kwenye lile la mzee, ambalo bado ni nene. Hapo wote wawili wanasimama kidogo.

"Kuna habari?"

"Bado."

Na siku hizi, Mama Mabano akisema hivyo, anageuka kwanza amtazame.