Ukuta wa Carama na Jirani Mwenye Hakukuwa Kwake

Mama alishinda kesi, lakini aliendelea kuzunguka njia ndefu kwa majirani na beseni ya lengalenga, mboga za muchicha, ku kichwa. Jirani yetu wa Carama alikuwa amejenga ukuta mu njia yetu ya shamba. Tribinali, mahakama, ikasema abomoe mu siku kumi na tano. Mi nikacheza kwa furaha. Kumbe siku zinaanza kuhesabiwa siku ile karatasi ya hukumu inamufika jirani mu mukono.

Karatasi inapelekwa na huissier, mutu wa tribinali, muzee mupole wa koti kubwa. Nilikuwa ninamubeba ku moto yangu, pikipiki. Mara ya kwanza jirani mwenyewe alifungua mulango, akasema mwenye nyumba yuko safari. Mara ya pili akasema yeye ni shemeji tu. Nikawaka, nikataka kumukamata shati. Huissier akanizuia: yeye hamujui sura, na mi ni mutoto wa mwenye kesi, neno langu halitoshi. Chefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, angeweza kumutambulisha, lakini ni rafiki ya jirani wa bia, kila tukimwita ana homa. Mara ya tatu mbwa njo ilitupokea.

Jumamosi moja niko Nyakabiga ku fete, sherehe ya mahari. Kazi yangu ni sono, vyombo vya muziki na mikro, niliijifunza mwenyewe kwa kuunguza maredio ya Mama. Watu wa upande wa bwana harusi wanaingia, na musemaji wao ni nani? Jirani! Nikamupigia huissier simu. Huissier akakuja, akaketi nyuma na Fanta.

Sasa kwetu hauombi binti ya watu bila kusema we ni nani. Nikamupatia mikro, kofia yangu imeshuka mpaka ku pua asinitambue. Akataja jina lake, la baba, la babu. “Na nyumba yangu ni ile ya ukuta mupya, Carama. Kila mutu anaijua.” Mi nikapandisha sauti mpaka mwisho, kartie nzima isikie.

Huissier alingoja wapewe binti, watu wakunywe. Kisha akainama mbele ya jirani, karatasi mu mikono mbili.

“Samahani muzee. Nilikuwa natafuta shemeji yako.”

Baba ya binti akazani ni zawadi, akaomba isomwe kwa sauti. Jirani akaangalia wakwe wapya, wote wanangoja isomwe.

“Lete kalamu,” akasema pole pole.

Akatia sinye, sahihi yake, juu ya sinia ya vinywaji. Mi nilikuwa chini ya meza ya sono, nauma kofia nisicheke ku mikro.

Siku ya kumi na ine ukuta ukaanguka. Mama akapita mu njia yetu na beseni, akarudi, akapita tena. Beseni ilikuwa tupu. Nikamuuliza anaenda kufanya nini kule.

“Niko napita,” akasema.