Kibao cha Waamishi, Seven Hills

Nilipoanza kazi kwenye mgahawa ule karibu na stesheni ya Seven Hills, huku Australia, nilidhani Amish ni jina la ukoo wa wenyewe. Kibao cha mlangoni kilisema mapishi ya nyumbani ya Kiamishi. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Habari za Wakristo wa Marekani wanaokataa magari na umeme ningezijulia wapi? Mteja ndiye aliyenifungua macho. Kabla ya kunieleza Waamishi ni akina nani, aliniuliza, "Farasi wenu mmewafunga wapi?"

Nikazidi kuchanganyikiwa. Bibi mwenye mgahawa alikuja kazini na gari jekundu. Binti yake, anayekaa kaunta, alipaka kucha rangi. Redio ya jikoni haikuzimwa. Hata hivyo kila mchana tulipika kuku kwa tambi tulizokanda wenyewe, viazi vya kuponda na pai ya tufaha, na wazee wa mtaa wakala wakisema chakula ni hiki.

Siku moja mama mmoja aliuliza historia ya mgahawa. Binti akajibu bila kusita, "Mama yake mama yangu alikuwa Mwamishi. Kwao walimfukuza kwa kumpenda Mwaustralia. Akaja hapa, akaanza kuuza mikate."

Nilikuwa naondoa sahani. Nikamwona Bibi akichungulia kutoka jikoni.

"Hakufukuzwa," alisema. "Alikuwa mtumishi tu kwenye shamba la Waamishi. Kupika alijifunzia huko."

"Mama! Si wewe uliyenihadithia?"

"Nilikuhadithia alivyonihadithia. Baadaye akanihadithia vingine."

Mteja alicheka, akamaliza pai yake, akaenda zake. Binti hakucheka. Alisema kibao king'olewe, yeye hawezi kuuza uongo. Bibi akarudi kwenye unga wake, nami nikamfuata.

"Bibi, wewe unaamini ipi?"

"Asubuhi naamini hii, jioni naamini ile. Mama alikuwa akisali kwa Kijerumani, lugha ya Waamishi, akidhani nimelala. Mtumishi asali Kijerumani cha nini?" Akanitazama kana kwamba jibu ninalo. "Ungekuwa wewe, ungeandika nini pale mlangoni?"

Nikawafikiria wanangu. Nyumbani, mtaa wa Rooty Hill, nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Shuleni wakiulizwa kwao ni wapi, mmoja husema Burundi, mwingine Tanzania, na hakuna anayedanganya. Nikamweleza Bibi hayo. Akatikisa kichwa taratibu, akaendelea kukanda. Nikajuta kusema, maana halikuwa jibu.

Kibao kiling'olewa. Kwa majuma kadhaa mlango ulibaki na matundu ya skrubu, na watu wakawa wanaingia wakiuliza kama tunafunga biashara. Halafu asubuhi moja nikamkuta binti juu ya kiti, anakirudisha kile kile. Mama yake alikuwa akimpitishia skrubu. Nilimshikia kiti asianguke.

Mteja akiniuliza kama hawa ni Waamishi kweli, namwelekeza kaunta. Kaunta nako binti humwelekeza jikoni, kwa Bibi, ambaye siku hizi husikia swali akitaka tu.