Magari Matatu, Mke Anapanda Basi

Kazini walimwita Sikio, na jina hilo lilimganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtu wa idara ya maji. Kila asubuhi alizunguka mitaani na nondo nyembamba iliyomfikia begani, anaisimika barabarani, anaegemeza sikio kwenye ncha yake na kufumba macho. Maji yanayovuja chini ya ardhi yana sauti yake, nyembamba, kama mtu anayefyonza meno chumba cha pili. Sikio akisema "hapa," wachimbaji walishusha sururu hapo hapo bila kumuuliza mara mbili.

Nyumbani alikuwa na magari matatu ya kasi, na mke aliyekwenda kazini kwa basi. Watu walicheka, na siwalaumu.

La kwanza lilikuwa Shangazi, gari la milango minne la silinda sita, pana kifuani, umri mmoja na binti yao. Ukimkanyagia mafuta hakurupuki. Anavuta pumzi kwanza, kisha anakubana kitini mpaka ukumbuke dhambi zako. La pili Mkorofi, kijigari chekundu kilichofungwa turbo kubwa kuliko waliyoifikiria waliokiunda, na kila Jumamosi kilitafuta ugomvi mpya. La tatu Bwana Harusi, jeusi la milango miwili, lililong'arishwa likang'aa, ambalo kwa mwaka wa tatu sasa lilikuwa linakaribia kuwa tayari. Lilikuwa limekosa gia boksi tu.

Usidhani alikuwa tajiri. Yote matatu aliyachukua wenyewe wakiwa wameshayakatia tamaa, akayafufua kwa mikono yake katika banda la mabati nyuma ya nyumba. Ukutani spana zilitundikwa kila moja juu ya umbo lake lililochorwa kwa rangi nyeupe, ili ikikosekana moja pengo lionekane. Na kasi yenyewe haikuwa ndiyo iliyompeleka bandani, ingawa hakuichukia. Kilichompeleka ni kutaka kujua. Kwa nini chuma hiki kinalia kikiwa cha moto na kunyamaza kikipoa? Ukifunga springi fupi, nani anaumia mahali pengine? Angeweza kulala saa nzima chini ya gari, tochi mdomoni, na akitoka huko uso umejaa masizi na furaha.

"Sikio," jirani mwenye duka alimwita siku moja kutoka ng'ambo ya ua, "hayo magari ni ya kupanda au ya kufuga?"

"Ya kupanda."

"Mbona mama nimemwona kituoni sasa hivi, amesimama juani?"

Sikio alijichekesha, lakini swali lile alikuwa nalo miaka kumi na moja. Mkewe hakuwa amekaa ndani ya gari lake lolote kwa muda wote huo. Wakienda kanisani au msibani, yeye anatangulia na basi. Sikio akalishughulikia jambo hilo kama anavyoshughulikia hitilafu yoyote, kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine. Alidhani ni kelele, akabadilisha bomba la moshi la Mkorofi, akaweka la adabu. Alidhani ni viti vya mashindano vinavyobana mbavu, akarudisha kile cha kiwandani upande wa abiria. Alidhani ni harufu ya petroli, akabadilisha mipira yote. Kila mara alipomkaribisha, jibu lilikuwa lile lile, limetolewa kwa upole.

"Basi linanitosha, baba."

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba mkewe hakuyachukia magari. Alikuwa fundi katika karakana ya viungo bandia hospitalini, mtu wa kupima na kukaza, na alirudi nyumbani kila jioni vumbi la plasta limekaa kwenye viatu. Alijua spana namba kumi na saba bila kuonyeshwa. Asubuhi alimsikia Mkorofi kupitia dirisha la jikoni akasema, "Huyu leo ameamka na mafua," na kweli, ukifungua boneti unakuta mpira wa hewa umechanika. Sasa mwanamke kama huyo anaogopa nini?

Mwaka huo jambo likawa zito. Binti yao alikuwa anamaliza chuo mji mwingine, mwendo wa saa tano, na mahafali yalikuwa Jumamosi ya pili. Jumanne jioni Sikio aliona tiketi ya basi juu ya kabati la vyombo. Ilikuwa moja.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe una magari matatu," mkewe alijibu, akiosha bilauri.

Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa, Sikio aliwaza. Mahafali ya mtoto wao wa pekee, mama anafika stendi na begi lake, baba anafika nyuma ya basi, peke yake, kama askari wa kusindikiza mizigo. Iliuma. Akaapa moyoni kwamba safari hii mke atakaa kwenye kiti cha mbele, na aliona kizuizi kimoja tu: Shangazi alikuwa analia.

Ilianza miezi miwili nyuma, alipomshusha kwa springi fupi na kumfungia bushi mpya za raba kwenye vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele. Kazi ilikuwa safi, kila bolti imekazwa kwa kipimo. Lakini gari likivuka tuta la barabarani, kushoto inatoka sauti, nyiiik, ndefu, ya kitanda cha gesti. Hakuna mke atakayekaa na kitanda kile saa tano. Alipaka grisi. Alibadilisha shokamzoba. Alimpelekea fundi wa gereji ya kona, ambaye alimpandisha Shangazi juu kwenye lifti, akamtikisa kila mahali, kimya. Akamshusha, akamsukuma kidogo: nyiiik.

"Hili gari lina mapepo," fundi alisema, akajifuta mikono. "Mpelekee mchungaji."

Jumamosi ile, wiki moja kabla ya safari, Sikio alikuwa amelala chini ya Shangazi kwa mara ya kumi na ngapi sijui, gari limesimama juu ya stendi nne za chuma, magurudumu yananing'inia. Mkewe alikuja na chai, akaiweka juu ya tairi la akiba, akachuchumaa.

"Bado halijasema?"

"Halisemi. Likiwa juu linanyamaza kabisa. Likikanyaga chini linaanza."

Mkewe aliinama akachungulia chini ya gari. Kisha akauliza jambo ambalo si fundi wa kona wala mapepo yake walikuwa wameliuliza. "Hizo bolti za bushi ulizikaza gari likiwa wapi?"

"Hapa hapa, juu ya stendi."

"Miguu inaning'inia hivi?"

"Ndiyo, magurudumu yananing'inia. Sasa utakaza vipi likiwa chini, mtu hapiti?"

"Sikiliza," mkewe alisema. "Mgonjwa akikaa kwenye kiti, mguu wa bandia unakubali kila unachoufanyia. Ukiukaza pale, akisimama unampinda. Atakwambia unambana, utautazama, hutaona kitu, maana ushamkalisha tena. Sisi tunamsimamisha kwanza. Abebe uzito wake wote, ndipo tunakaza."

Sikio alitoka chini ya gari taratibu, kichwa kikitangulia. Alimtazama mkewe, akalitazama gari, akahisi joto likimpanda masikioni. Ndani ya kila bushi kuna bomba dogo la chuma, na bolti ikishakazwa bomba hilo halizunguki tena. Kinachojipinda ni raba peke yake. Alikuwa ameikaza raba ikiwa imestarehe hewani, halafu akaishushia gari zima. Miezi miwili maskini ilikuwa inaishi imesokotwa kama shuka linalokamuliwa. Ndiyo maana ilinyamaza ikiinuliwa. Ilikuwa inapumzika.

"Mimi ni mjinga," alisema.

"Hapana. Umezoea kusikiliza vitu, hujazoea kuviuliza," mkewe alisema, akaondoka akiiacha chai juu ya tairi.

Alifungua bushi ya kushoto akakuta imechanika mdomo. Akafunga nyingine, safari hii akapanga mbao nene chini ya kila gurudumu, akamshusha Shangazi juu yake hadi akakaa na uzito wake wote, akajipenyeza tumbo likikwaruza saruji, akakaza. Alipomaliza alimtoa mpaka barabarani, akavuka tuta la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna kitu. Alirudi akicheka peke yake kama mwehu, akaegesha mlangoni, injini inanguruma kwa adabu, akafungua mlango wa abiria.

"Mama! Njoo umsikie! Njoo usikie jinsi asivyosema kitu!"

Mkewe alisimama kizingitini, mikono ndani ya khanga. "Nimefurahi. Kweli kabisa nimefurahi."

"Basi panda."

"Hapana, baba."

Sikio alizima injini. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameuliza kiti, akauliza kelele, akauliza harufu. Sasa maneno ya mkewe ya kule bandani yalikuwa bado yanamwasha. Akatoka garini, akaja akasimama mbele yake.

"Nakuuliza wewe. Kwa nini?"

Mkewe alimtazama muda mrefu, anapima kama ni swali au ni adabu tu. Kisha akaketi kwenye ngazi.

"Unakumbuka mara ya mwisho nilipopanda?"

"Nakumbuka. Ulikuwa mwezi wa mvua, tunatoka mjini, tuko na Shangazi, tunakaribia kituo cha mafuta cha darajani." Alikuwa anaiona barabara yenyewe. "Beringi ya altaneta ilianza kulia. Nikasimama pembeni nikafungua boneti. Kumbe kweli, ilikuwa imebakiza siku mbili ife."

"Beringi unaikumbuka," mkewe alisema. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomtisha. "Ulinichukua wapi siku ile?"

Sikio alitafuta. Hakupata kitu.

"Mlangoni kwa daktari. Nilikaa kimya mpaka tukapita soko, natafuta namna ya kusema. Nikasema, baba, mtoto hayupo tena, mimba imetoka. Ukaninyanyulia kidole. Ukasema, 'Ngoja kwanza, sikia hiyo.' Nikangoja. Ukasimamisha gari ukashuka. Uliporudi ulikuwa unacheka. Ukaniambia ni beringi."

"Lakini uliniambia jioni," Sikio alisema. "Chumbani. Nakumbuka. Nililia, mama. Tulilia wote."

"Jioni ilikuwa mara ya pili."

Kuna aibu inayomfanya mtu ajitetee, na kuna ile inayomkalisha chini. Sikio aliketi ngazi ya chini yake. Miaka kumi na moja alijihesabu miongoni mwa waume waliokuwepo. Kwenye huzuni ile kubwa ya nyumba yao aliamini alimshika mkewe mkono tangu neno la kwanza. Kumbe neno la kwanza alilinyamazisha kwa kidole, na mkewe akalibeba kuanzia darajani hadi jioni, peke yake, kwenye kiti cha mbele.

"Siogopi mwendo," mkewe alisema. "Kwenye basi hakuna anayenisikiliza, na hakuna niliyemtegemea anisikilize. Ni rahisi zaidi."

Sikio hakuahidi kitu. Alitaka, maneno yalikuwa yamejaa kinywani, lakini aliyaona jinsi yalivyo mepesi. "Naomba uniambie tena," alisema mwishowe. "Sio ya jioni. Ile ya kwanza."

"Si leo," mkewe alijibu, akainuka akaingia ndani.

Wiki ilipita na mazungumzo yalikuwa ya sabuni na ya suti ya mahafali. Tiketi ilibaki juu ya kabati. Sikio hakuigusa wala hakuitaja. Jumamosi asubuhi alimwaga maji kwenye vioo vya Shangazi, akapima hewa ya matairi, akafungua geti. Alipogeuka alimkuta mkewe tayari amekaa mbele, begi magotini, mkanda umefungwa, anatazama mbele kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Usinitazame hivyo," mkewe alisema. "Endesha, tutachelewa."

Walitoka mjini. Barabara ilinyooka, Shangazi akaingia gia ya tano, akatulia. Walipopita mizani ya malori, mkewe alianza. Alianza mbali, kwenye benchi la hospitali, na mwanamke aliyekuwa ameketi karibu yake akifuma soksi ndogo ya njano, na jinsi yeye alivyoshindwa kuiondolea macho ile soksi. Hajawahi kumwambia mtu habari ya soksi. Sikio alishika usukani kwa mikono miwili akasikiliza.

Hapo ndipo ikaja, nyuma, kulia. Tiki. Tiki. Tiki. Ilikwenda na mwendo, si na injini, kavu, ya kitu kilicholegea. Ngozi ya kichwa ilimsisimka. Haikuwa sauti anayoijua, na kila kiungo chake kilitaka kuijua.

Mkewe alikatisha maneno. Alikuwa ameisikia naye. Akamgeukia mumewe, akamtazama usoni, akitulia kabisa.

"Hiyo ni nini?" aliuliza.

"Sijui," Sikio alisema. "Umefika pale alipokuita daktari. Ukaingia ndani?"